Niliondolewa ukocha, nikapanda Kinole kumtafuta kocha aliyenitangulia

Wakuu, habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu. Leo nimeona niandike. Atakayesema ni chai na aseme, mimi naandika yaliyonikuta.

Ni fundi umeme, mtu wa Singida, kazi ndiyo ilinileta Morogoro. Mke na watoto walibaki nyumbani. Hapa mjini sikuwa na ndugu, nilikuwa na timu. Timu ya mtaa tu, jina nalihifadhi. Niliikuta haina kocha, nikaanza kusimamia mazoezi, mwisho wakanizoea.

Jamani, kuitwa "kocha" ni kutamu! Sokoni kocha, kwa kinyozi kocha. Wengi hawakujua hata jina langu.

Mwaka huu akapatikana mfadhili, akaja na kocha wake kutoka Dar. Sikuambiwa. Nilikuwa juu ya ngazi navuta waya, kucheki simu, nimetolewa kwenye group la timu. Bila hata salamu.

Jioni mwenyekiti akapiga. "Kocha, usichukulie vibaya. Ni maamuzi ya kamati."

Nikamwambia hakuna shida. Shida ilikuwepo.

Jumamosi yake nikajikuta nimevaa traksuti, nimekaa kitandani, sina pa kwenda. Upande wa pili wa ukuta jirani anacheka na wanawe. Nikawasha redio ili chumba kiwe na mtu.

Sasa, wachezaji walikuwa wanamtaja sana kocha aliyekuwepo kabla yangu, nimwite mzee Banzi. Naye aliondolewa, akarudi kwao Kinole, huko milimani. Sikuwahi kuonana naye. Siku moja nanunua ndizi kwa mama mmoja wa Kinole, nikamuulizia.

"Kocha Banzi? Yupo. Kila Jumamosi anashuka mjini kufundisha timu yake."

Nikauliza timu gani. Akataja yetu.

Wakuu, nilichoka. Jumamosi zote hizo aliyekuwa anafundisha ni mimi!

Jumapili nikapanda gari la Mkuyuni, halafu bodaboda. Wanaoijua njia ile wanajua, ni kupanda tu, huku migomba, huku korongo. Nikamkuta barazani anamenya magome ya mdalasini, peke yake, amevaa jezi yetu ya zamani iliyopauka.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba." Akanitazama. "Wamekutoa?"

Nikashangaa. "Unanifahamu, mzee?"

"Wewe ndiye wa mikono kiunoni. Timu ikifungwa unainama kama umedondosha kitu."

Kumbe alikuwa anakuja kweli. Anasimama ng'ambo kabisa, nyuma ya goli la upande wa reli, kwenye mipera. Mechi ikiisha anarudi mlimani.

"Mbona hukuwahi kuja kutusalimia?"

"Nije niseme mimi nani?"

Nikachukua gome moja, nikaanza kumsaidia kumenya.

Akaniambia mkewe alifariki muda mfupi baada ya yeye kuondolewa. Watoto wako mbali. Majirani hawakujua kama timu ilishamuacha, na yeye hakuwaambia. "Nikibaki hapa Jumamosi, naisikia nyumba ilivyo kimya. Bora nishuke."

Tukala ndizi na maharage. Wakuu, ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kula na mtu.

Wakati wa kuondoka akanisindikiza kijiweni kwa bodaboda. Jamaa mmoja akamuuliza, "Kocha, timu inaendeleaje?"

"Tunakwenda vizuri," akajibu. Akanishika bega. "Huyu ni msaidizi wangu."

Nikaitikia, "Ndiyo, mimi msaidizi." Mngekuwa nyie mngesema nini?

Jumamosi iliyofuata alishuka, tukaenda wote kwenye mipera. Tulicheza na timu ya Dakawa. Naandika "tulicheza", nisameheni.

Mpaka dakika za mwisho bila bila. Tukapata kona. Mzee akaninong'oneza, "Mwangalie beki wetu mrefu, atajifanya anarudi nyuma." Kweli, akarudi hatua kadhaa, kisha akageuka akachomoka, kichwa, goli! Mbinu hiyo mzee alimfundisha mwenyewe, enzi zake.

Uwanja ukalipuka. Wachezaji wakamrukia kocha mpya, mwenyekiti akaingia uwanjani anacheza. Sisi kule nyuma tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, tukakumbatiana, maana hapakuwa na mwingine wa kumkumbatia. Mzee alikuwa analia. Na mimi pia.

Filimbi ya mwisho ikapigwa, wakaondoka wanaimba. Hakuna aliyegeuka kutazama upande wetu. Tukabaki tumesimama mpaka uwanja ukawa mtupu, halafu mzee akafuta macho kwa jezi, akasema, "Mechi ijayo ni kule Kingolwira. Tukutane wapi?"

Nilichojifunza: timu haikuwa yangu, sawa, nimekubali. Ila upweke huu sikuujua mpaka uliponifika, na kumbe mwenzangu alikuwa nao miaka yote, mita chache nyuma ya goli.

Wale wa timu za mitaani, makocha wenu wa zamani wako wapi sasa hivi? Na kama wewe ni mmoja wao na unasoma hapa kimya kimya, andika hata neno moja. Jumamosi unakwendaga wapi?