Samaki Wekundu wa Macharia

Askari wa mkoloni walipomchukua Macharia kumtia kizuizini mwaka wa hamsini na nne, alimwacha mkewe Wamboi na samaki wanne wekundu ndani ya sanduku la vioo. Alikuwa amepewa na Mzungu aliyemwajiri kama mpishi, siku huyo Mzungu alipohama kurudi kwao. Kwenye kambi ya wafanyakazi wa kahawa pale Ruiru watu walimcheka, kwani siku hizo Mkikuyu kula samaki ilikuwa mwiko, seuze kuwafuga. Yeye kila jioni alivuta kigoda akawatazama. Akipandishwa lori alisema tu, "Wamboi, uniangalizie hao."

Akawaangalia. Aliwachotea maji mtoni, akawafikichia ugali mkavu, na upweke ulipomzidi alizungumza nao.

Mwaka uliofuata, nyapara Waweru akatangaza kwamba nyumba zote zitapigwa dawa ya kunguni na mbu.

"Na samaki wangu?" Wamboi akauliza.

"Watoe nje, mama. Dawa hii haichagui."

Akawatia kwenye debe safi, akalipeleka mbali, kwenye shamba la kahawa. Sanduku nalo akalitoa. Watu wa dawa wakaja na pampu mgongoni, wakanyunyiza kuta na dari. Wamboi akangoja mpaka harufu ikaisha, akafagia, akapiga deki, ndipo akawarudisha ndani.

Jioni nzi wakaanza kudondoka kutoka darini, wakipepesuka kama walevi. Wengine wakaangukia majini. Samaki wakawarukia na kuwameza, na Wamboi akafurahi kuwaona wakichangamka hivyo.

"Leo hao wana sikukuu," akasema jirani yake Nduku, akichungulia mlangoni.

Kulipokucha wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Waweru ndiye aliyemweleza kwamba dawa ilikuwa ndani ya wale nzi. Wamboi akawazika nyuma ya nyumba, na kahawa aliyochuma siku ile haikujaza hata kikapu.

Macharia alirudi hamsini na saba, mifupa mitupu, shati linaning'inia. Akatazama pale kwenye sanduku, pakavu. Wamboi akamsimulia yote bila kuficha, machozi yakimtoka.

"Siku hiyo walikula?" Macharia akauliza.

"Walikula wakashiba."

"Basi hawakufa na njaa."

Akageukia ukutani. Wamboi hakumwuliza huko alikotoka aliona nini. Alipuliza moto, akabandika uji.