Mbegu za Njahi Ukingoni mwa Ramani

Nina gemu moja ya vita kwenye kompyuta ambayo haitaki uue mtu. Inataka ukimbie. Askari wako wako mashariki mwa ramani, adui anawajia kwa nyuma, na kazi yako ni kuwatoa wote kupitia ukingo wa magharibi kabla zamu kumi na mbili hazijaisha. Kila kikosi kinachovuka kinakupa alama. Kikishavuka, basi, hakirudi, hata ukikihitaji namna gani.

Nilishindwa na gemu hiyo karibu mwaka mzima. Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Kitale, mtu mzima anayeanza kipara, na kila Jumapili baada ya kanisa nilikaa mezani nikigombana na skrini huku mama akichambua maharagwe mlangoni. Kosa langu lilikuwa kutanguliza magari yenye kasi, eti kwa sababu yako karibu na barabara. Yalivuka, ndiyo, halafu nikabaki na majeruhi na mikokoteni inayotambaa bila mlinzi. Nilijifunza kwa kuchapwa. Mwenye mwendo wa polepole hutangulia. Vikosi viwili visigombanie daraja moja. Wenye nguvu hubaki nyuma, wakirudi hatua moja kila zamu, mpaka wa mwisho naye atoke. Na zaidi ya yote, anza kabla adui hajaonekana. Ukingoja umwone, umechelewa.

Siku nilipofaulu nilipiga kelele. Mama akainua kichwa.

"Wametoka wote?"

"Wote, Mama!"

"Wameenda wapi?"

Nikamwambia gemu haisemi. Akarudia maharagwe yake.

Ikaja miezi ya kampeni. Sisi ambao wazee wetu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua mashamba huku Trans-Nzoia tuna desturi ambayo hakuna anayeitaja kwa jina: uchaguzi ukikaribia, wazee na watoto huenda kusalimia jamaa. Jirani anakuona unapakia magodoro, anauliza kama kuna harusi, unasema iko. Nyote mnajua unakwepa fujo za kura. Mwaka ule hakuna aliyerusha hata jiwe, lakini nilisikia minong'ono sokoni, nikaifungua ile ramani kichwani. Wa polepole nyumbani kwetu ni mama, mjane wa miaka sabini mwenye magoti mabovu. Dada yangu ameolewa Bungoma, upande wa Sirisia. Huo ukawa ukingo wangu wa magharibi.

Nikamdanganya mama. Nilimwambia mtoto wa dada anaumwa na anamlilia shosho, bibi yake.

"Haya, baba," akasema. "Kama umesema."

Huniita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake, ndivyo tunavyoitana kwetu, na tangu nikiwa mdogo amenipa heshima nisiyoistahili. Akaingia ndani, akatoka na kiondo kimoja tu. Hakubeba blanketi wala Biblia. Kiondo kilijaa njahi, yale maharagwe meusi yenye kijimstari cheupe ambayo kwetu hupikiwa mama aliyejifungua. Nikadhani ni zawadi. Nilifurahi hata: mzigo mwepesi, pikapu itaenda mbio.

Sijui macho yangu yalikuwa wapi. Njahi zile alikuwa amezichagua moja moja na kuzichanganya na majivu ili zisitobolewe na wadudu. Hakuna anayepika njahi za majivu. Zile zilikuwa mbegu, na anayeenda kusalimia habebi mbegu. Mama alikuwa amehamishwa kwa nguvu mara moja zamani, mimi nikiwa mgongoni mwake, na mara ile aliondoka mikono mitupu.

Uchaguzi ukapita kimya. Mimi mlinzi wa nyuma nilibaki na ng'ombe wawili na mbwa, tukimngoja adui ambaye hakuja. Wiki ya tano nikaenda kumchukua mama. Mahindi yalikuwa yanakauka, na sijawahi kumwona akikosa mavuno.

Shemeji yangu alinipokea langoni. "Karibu, shemeji. Kwanza ukuje kula. Hiyo maneno ya kurudi itangoja tumbo ishibe, bana."

Nikapita moja kwa moja hadi nyuma ya jiko. Njahi zilikuwa zimefika magotini, mistari imenyooka, kila mche na kijiti chake. Mama alikuwa anapalilia akiwa amekalia jerikeni.

"Mama, kumetulia. Twende nyumbani. Mahindi imekauka."

"Vuna."

"Na wewe?"

"Mimi nimepanda."

Hakuniangalia. Aliendelea kung'oa magugu.

"Hiyo mtoto hakuwa mgonjwa," akasema. "Nilijua hata kabla tutoke kwa gate."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Si ni wewe ulisema? Wewe ni baba yangu. Ungeniambia, 'Mama, naogopa, uende,' ningeenda, halafu ningerudi. Lakini ulinitoa kama gunia. Ile mara ya kwanza nilitolewa na watu sikuwa najua. Saa hii ni wewe. Mimi sirudi tena mahali naweza kutolewa."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikainama badala yake nimsaidie kupalilia, na katika kuhangaika kwangu nikang'oa njahi moja. Akaichukua mkononi mwangu, akairudisha shimoni, akaishindilia udongo kwa kidole gumba.

Nilivuna peke yangu. Naenda kumwona kila mwezi. Hunipikia, hunicheka kipara, huniuliza habari za ng'ombe. Habari za kurudi yeye hazigusi. Nimeshamwomba mara nne, na mara zote nne alinipakulia chakula zaidi.

Gemu nimeifungua mara moja tu tangu hapo, Jumapili moja baada ya kanisa. Nilivitoa vikosi vyote bila kupoteza hata kimoja. Skrini ikaandika kwamba nimeshinda, nikageuka kumwambia mama, pale mlangoni alipozoea kukaa.