Sheria Ambayo Sikuisoma

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika kiwanda cha sabuni, mtaa wa viwanda wa Industrial Area. Asubuhi moja meneja aliniita akasema sheria imebadilika: mwajiri hahitaji tena ruhusa ya serikali ili apunguze wafanyakazi. Akanituma niwaeleze wenzangu kwa Kiswahili na kuwagawia barua zao za kuachishwa kazi.

Mmoja wao alikuwa dereva, jirani yetu wa mtaa wa Mowlem na mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyeniombea kazi pale. Aliishika barua bila kuifungua.

"Mwanangu, hiyo sheria umeisoma wewe mwenyewe?"

"Nimeisoma, baba," nikajibu. Sikuwa nimeona hata ukurasa mmoja.

"Basi kama umeisoma wewe, sina neno." Akaifungua barua, akatia sahihi, na wengine wakamfuata.

Wiki chache baadaye nilipata nakala ya sheria ile. Ruhusa ilikuwa imeondolewa kweli, lakini chama cha wafanyakazi na ofisi ya leba ya serikali vilipaswa kuarifiwa mwezi mzima kabla. Havikuarifiwa. Nilikwenda mbio kwa yule dereva nimwambie, nikamkuta mkewe akifunga vyombo. Mumewe alikuwa ametangulia kwao Machakos. Nilimsaidia mama kufunga magodoro, na habari ya sheria sikuitaja.