Bendera za Chai

Kila Juni inapoingia, jirani wa Maxine huchemsha chai ya rangi sufuria nzima, wala si ya kunywa. Humo huchovya bendera mpya za dukani, akazikamua kwa vidole vilivyokwisha kugeuka kahawia, akazianika uani mpaka zifanane na zile za enzi za bibi yake. Kisha huzitundika barazani kwa sikukuu ya uhuru wa Marekani, mwezi wa Julai, juu ya ndoo za bati zenye maua.

"Shoga, vitu vipya vimekukosea nini?" Maxine humtania.

"Havina kumbukumbu," hujibu, huku akiipuliza sufuria kama anayepoza uji wa mtoto.

Mwaka huu Maxine aliingia ndani kumsaidia kubeba ngazi. Dirishani, ndani ya kisanduku cha kioo, aliiona bendera iliyokunjwa pembetatu, ile aliyokabidhiwa jirani makaburini siku alipomzika mwanawe askari. Nyota zake nyeupe zilikuwa zimepiga manjano.

"Hata hii umeichovya?" Maxine aliropoka.

Jirani akafuta kioo kwa upindo wa aproni, akafuta tena palepale.

"Hiyo sijaigusa, shoga," alisema. "Imezeeka yenyewe."