Chapati za Shosho na Mtaalamu wa Akili za Watoto

Nasomea ualimu wa chekechea, na Jumapili, siku yetu ya pili kule Endarasha, niliwashwa na usomi mbele ya wakwe.

Mama mkwe, shosho (bibi) wa binti yangu, alipotoka kuchuma sukuma wiki, nilihamisha chapati zake kutoka kwenye bakuli hadi kabatini, binti yangu wa miaka mitatu akitazama.

“Mtoto wa umri huu,” nikawahubiria mashemeji, “hudhani kila mtu anajua anachojua yeye. Atasema kabatini.”

Nikamgeukia. “Shosho akirudi, atatafuta chapati wapi?”

“Kwa koti yako, Baba. Jana shosho aliona ukiweka mbili kwa mfuko.”

Nilikuwa sijui kama nilionekana. Mama mkwe alikuwa mlangoni na sukuma yake, anacheka.

“Usijali, mwalimu. Leo nimepika hata za koti.”