Piza ya Mti

Mzee Aniello alitandaza unga wa piza kwa viganja maisha yake yote, hapa Napoli, mpaka vidole vikapinda, akamwachia mwanawe Catello duka la piza. Jumapili akaenda kula hapo. Piza ikaletwa bapa kama sahani, ukingo haukufura hata kidogo, kama unavyofura unga ukitandazwa kwa viganja.

“Nani kausukuma unga huu kwa mti, kama chapati?”

“Baba, kula kwanza. Watu wanatazama.”

“Watazame!”

Sahani ikapasukia ukutani. Mzee akaingia nyuma ya kaunta, akaunyakua mti wa kusukumia, akamtandika mwanawe mikononi hadi damu ikarukia unga.

“Mikono uliyopewa ni ya nini, mshenzi wewe?”

Catello hakuikwepesha. Akaiinua mbele ya macho ya baba yake. Vidole vilikuwa vimeshapinda zamani, kama vya mzee.