Mkono Uliohesabiwa Tabora

Nilitumwa Tabora kwa sababu ya chupa thelathini na moja za asali. Chama cha wafugaji nyuki kilikuwa na mashine ya kupiga chapa, ile inayorushia kila chupa wino wa tarehe ya kufungashwa, mwisho wa matumizi na namba yake. Mnunuzi alifungua katoni akakuta namba zinaruka. Chupa zimeibwa, wakasema viongozi wa chama, na Mama Zena anayeiendesha mashine akapewa hadi Ijumaa ajieleze au aondoke. Mimi ndiye fundi wao wa Dar es Salaam. Nilikubali upesi mno, maana kwetu ni Goweko, na miaka sita sijakanyaga huko.

Alfajiri ya siku ya pili treni ilisimama Goweko. Reli hii inafuata njia ya misafara. Wapagazi wa zamani walipita hapo wakirudi kwao. Mimi sikuwa nimemwambia mama kwamba napita. Miaka sita ya "nitakuja mwezi ujao" inamtia aibu hata msemaji mwenyewe. Nikabaki dirishani, nanusa moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, moyo unaniuma. Treni ikaondoka.

Saa tatu nilikuwa kiwandani. Meneja, Bwana Kashindye, alinionyesha mashine, nikaikagua mipangilio yote. Tarehe sahihi, mwisho wa matumizi miaka miwili mbele, kaunta ya kuhesabu chupa inaanza moja na kupanda moja moja. Haina kosa. Nikanyong'onyea, maana mashine ikiwa nzima, basi mwizi ni mtu.

Mama Zena, mwanamke wa makamo mwenye mtandio, alikuwa ng'ambo ya mkanda unaopitisha chupa.

"Baba, tangu umeingia unatazama chuma tu," akasema. "Watu hutuoni?"

Haya zikanishika. Nikanyoosha mkono juu ya mkanda, nikamwamkia. Akaitikia kwa kuushika na mikono yake miwili, akatulia nao. Mashine ikalia kidogo. Nilipoutazama mkono wangu, mgongoni pake pana tarehe ya leo na namba 0412. Chupa ya mwisho ilikuwa 0411.

Kumbe! Kila mfugaji anayeleta asali huingia kumsalimia Mama Zena, naye si mtu wa kumnyima mtu mkono. Jicho la mashine, linaloona chupa zikipita, halitofautishi chupa na mkono, likizibwa linahesabu. Mkono ukitikiswa namba huvurugika ikabaki doa tu, na wafugaji walidhani ni wino wa kuweka alama ya dole gumba mapokezi. Hakuna chupa iliyoibwa; namba zilizoruka zilipigwa kwenye mikono.

Bwana Kashindye alipitisha mkono wake mbele ya jicho hilo mara tatu. Kaunta ikapanda tatu. Akamwomba Mama Zena radhi mbele ya wafanyakazi wote.

"Nimekusamehe," Mama Zena akasema. "Ila usije ukaniambia nisisalimie watu."

Nililishusha jicho hadi usawa wa kitako cha chupa, nikalikinga kwa bati, nikairudisha kaunta nyuma. Tukapitisha chupa mia huku tunapeana mikono kama watu wa arusini. Hakuna namba iliyoruka.

Nilipokuwa nakusanya vifaa, Mama Zena, aliposikia kwetu ni Goweko, akaniuliza kama mama yangu nimeshamsalimia. Nikatoka nje nikampigia mama simu, nikamwambia kesho nitapita Goweko kwa treni. Hakunilaumu hata kidogo, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Aliuliza tu, "Utakuwa behewa la ngapi?"

Kesho yake alasiri nilipanda treni ya kurudi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipoingia Goweko, na mama alikuwa ameshasimama pale litakaposimama behewa langu, amekonda, kajitanda kanga niliyomnunulia zamani. Nilishikilia mlango, nikamnyooshea mkono. "Shikamoo, mama."

Akaushika, akaugeuza. Namba ilikuwa haijatoka kwa sabuni.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Mashine ilinihesabu, mama."

"Hata mimi nakuhesabu," akasema. "Kila treni."

Filimbi ikalia. Hakuuachia mkono, nami sikuuvuta. Nikashuka na begi langu, na treni ikaenda Dar es Salaam bila mimi.